Pini za kunyumbulika kwa paja la mtoto: unene upi, zipindwe vipi, na kwa nini goti ndilo hulalamika?

MkoaniThieta

Asalaam alaykum. Nnatayarisha karatasi ya kubandika ukutani thieta, kuhusu kuunga mfupa wa paja wa mtoto kwa zile pini mbili za kunyumbulika zinazopitishwa ndani ya mfereji wa uboho. Maelezo ya kiwandani yapo, ila yameandikwa kwa mtu mwenye kabati lililojaa.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 8, kilo 26, kaanguka mkarafuuni. Paja la kushoto limekatika katikati, mkato wa kukingama, ngozi nzima, mapigo ya mshipa mguuni yapo, vidole anavichezesha. Kwenye filamu ya eksirei mfereji pale unapobana zaidi unapimika milimita 9. Kabatini mna pini za titani, unene kwa milimita: 3.0 mbili, 4.0 mbili, na 3.5 imebaki moja.

Naweza kutia 3.5 upande mmoja na 4.0 upande wa pili? Zipindwe kiasi gani, kwa jicho au kwa kipimo? Kwa nini watoto wakirudi kliniki hulalamikia goti na si paja? Na baada ya upasuaji, hogo (plasta ngumu) lifungwe au lisifungwe?

DktMifupa_Unguja

Waalaykum salaam. Nianze na hilo la kuchanganya maana ndilo litakaloharibu kazi: usichanganye. Pini hizi hazishiki mfupa kwa nguvu kama bamba na skrubu. Zinashika kwa kusukumana. Kila moja ni upinde unaotaka kunyooka, mmoja unasukuma ukuta wa ndani wa mfupa, mwingine unasukuma ukuta wa nje, na mfupa unabaki wima kwa sababu misukumo miwili iko sawa. Ngalawa yenye rengu moja zito na jingine jepesi huinamia upande mmoja hata bahari ikiwa shwari. Ukitia 3.5 na 4.0, ile nene inashinda na paja linapinda taratibu, wiki baada ya wiki, na wewe ulitoka thieta na picha nzuri.

Unene: kila pini iwe asilimia 40 ya upana wa mfereji pale unapobana, mbili kwa pamoja zijaze asilimia 80. Tisa mara 0.4 ni 3.6, kwa hiyo 3.5. Lakini filamu hukuza. Paja la mtoto lina nyama, mfupa uko mbali na kaseti (kasha la filamu), na ukuzaji wa asilimia 10 ni jambo la kawaida. Milimita 9 za filamu zinaweza kuwa 8.2 za mfupa wenyewe. Mbili za 4.0 zinafanya 8, na kwenye mfereji wa 8.2 ile ya pili itakwama njiani, nawe utapiga nyundo mpaka upasue ukuta wa mfupa. Mbili za 3.5 zinafanya 7, zinapita na zinajaza vizuri. Mbili za 3.0 zinafanya 6, yaani asilimia 73 ya mfereji wa 8.2, na 67 tu kama kweli ni 9. Hizo zitapita kwa raha, na kwa raha hiyo hiyo zitaliachia paja lipinde. Siku nyingine weka gololi ya chuma unayoijua kipimo pembeni mwa paja, usawa wa mfupa, kabla ya kupiga picha. Utajua filamu inakudanganya kwa kiasi gani.

Kwa mtoto wa mfano wako jibu ni kuagiza 3.5 ya pili na kuisubiri. Mkato uliofungika, mishipa mizima, si kazi ya usiku wa manane. Siku mbili tatu za kuvutwa mguu kitandani hazimdhuru.

Kabla ya unene, hakikisha ni mtoto anayefaa. Umri wa miaka 5 hadi 11, uzito usifike kilo 49, mkato uwe kwenye mwili wa mfupa, wa kukingama au mshazari mfupi. Chini ya miaka 5 wengi wanapona kwa plasta inayoanzia kiunoni. Juu ya kilo 49 au juu ya miaka 11 matokeo huharibika: pini ni zile zile, mzigo umeongezeka. Mkato mrefu wa mshazari, ule ambao urefu wake unazidi mara mbili ya upana wa mfupa, au mfupa uliosagika vipande, hauna kitu cha kuuzuia usifupike. Misuli ya paja inavuta, vipande vinapandana, na pini zinatokea chini magotini kama misumari ya boriti kuukuu. Hao wanahitaji bamba linalopitishwa chini ya misuli, na wakubwa zaidi pini ngumu inayoingilia kwenye nundu ya nje ya nyonga. Isiingilie kwenye kishimo kilicho ndani ya nundu hiyo: karibu na hapo hupita mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, ukiikata kichwa kinaweza kufa.

Kupinda. Kwa kipimo, si kwa jicho. Kina cha upinde kiwe mara tatu ya upana wa mfereji: mfereji wa milimita 9, kina cha milimita 27, ukipima kutoka kwenye uzi ulionyooshwa ncha hadi ncha mpaka mgongo wa upinde. Sehemu ya kina kikubwa ikae sawa na pale palipovunjika. Ilaze pini juu ya paja, washa mashine ya eksirei, weka alama ya kalamu usawa wa mkato, ndipo upinde. Pinda polepole urefu wote, upate upinde mmoja mrefu wa herufi C. Kona kali ya sehemu moja haikai mferejini na hapo ndipo pini huchokea. Ncha ya mbele tayari ina kidoko kilichopinda, hicho kielekee upande ule ule wa upinde. Pini mbili ziwe pacha.

Mlango wa kuingilia: upande wa ndani na upande wa nje wa mfupa, juu ya goti, sentimita 2 hadi 2.5 juu ya gegedu la ukuaji, lile tabaka ambalo mfupa wa mtoto hurefukia. Pote pawili pawe kimo kimoja. Ukitazama kwa ubavu, tundu liwe katikati ya mfupa, si mbele. Mbele kuna mfuko wa goti na utauingia. Chale ya ngozi ianzie usawa wa tundu na ishuke kuelekea goti sentimita 2 hadi 3, kwa sababu pini inatokea chini kwa mlalo. Chale ikiwa juu ya tundu, ngozi itakubana mkono na pini haitalala. Maharazi ya kutobolea mfupa yasimame wima kwanza mpaka yaume, kisha yalaze nyuzi 45 ukielekea nyongani. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko pini. Upande wa ndani shika maharazi kwa mikono miwili: yakiteleza kwenda juu na nyuma, mshipa mkubwa wa damu uko huko.

Pini zote mbili zipande mpaka karibu na mkato, ndipo msaidizi anyooshe paja. Ipitishe ile inayoona njia kwanza, sentimita mbili tatu tu, kisha ya pili, halafu zipande pamoja. Ile iliyoingilia nje iishie chini kidogo ya nundu ya nyonga. Iliyoingilia ndani iende shingoni mwa mfupa, isimame sentimita 1 hadi 2 kabla ya gegedu la kichwa.

Kosa ambalo sioni likiandikwa ukutani popote: kuzungusha pini ukiwa unatafuta njia. Kugeuza kushoto kulia ni sawa. Ukiigeuza zaidi ya nusu mzunguko mfululizo, inajisokota kwenye mwenzake kama kamba ya dau. Kwenye picha ya mbele unaona pini mbili zimepita na unafurahi, lakini hazisukumani tena. Pini zilizokaa vizuri hukatizana mara mbili, chini ya mkato na juu yake, na pale palipovunjika ziko mbali kabisa, kila moja imegusa ukuta wake. Ukiona zinakatizana hapo hapo penye mkato, toa moja uirudishe upya.

BiThieta

Dokta kamaliza ya juu, mie nina ya mezani na ya goti.

Trei: jozi ya unene uliokusudiwa, na jozi kamili ya juu yake na ya chini yake. Jozi, si moja moja. Ndivyo mtu anavyofikia kuuliza swali la 3.5 na 4.0. Maharazi, au keekee na kilinda nyama. Mpini wa kushikia pini wenye kubana kweli, maana meno yake yakilika pini inazunguka ndani ya mpini na daktari anadhani inazunguka ndani ya mfupa. Koleo la kupindia. Nyundo. Kisukumizi chenye tundu. Mkasi mkubwa wa kukatia, na huu ujaribuni kabla mtoto hajalala. Mkasi butu hauikati titani, unaitafuna, na unaacha ncha yenye makali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu.

Sasa goti. Sababu kubwa ya malalamiko ni ncha inayobaki nje ya mfupa. Ikiwa ndefu, kila goti likikunjwa msuli unapita juu yake. Panakuwa na uvimbe, maji, ngozi inakuwa nyekundu, na mwisho inatoboka. Ikiwa fupi mno, mwakani hakuna pa kuishika wakati wa kuitoa. Ibakie sentimita 1 hadi 1.5, si zaidi.

Namna ya kuipata: pini ikishafika mwisho wake, irudishe nyuma sentimita moja au mbili, ikate karibu na mfupa, kisha igongwe kwa kisukumizi mpaka ibaki kiasi hicho. Ukikata wakati imeshafika mwisho, mkasi hauingii vizuri na unaacha sentimita 3. Na kuna mtindo wa kuipinda ncha kuelekea nje ili iwe rahisi kuikamata baadaye. Wauacheni. Ncha ilale imebanana na mteremko wa mfupa. Kuipinda nje ni kumtengenezea mtoto ndoana ndani ya goti.

Kabla ya kufunga ngozi, kunja goti hadi nyuzi 90 ukiwa umeweka kidole juu ya kila ncha. Ikikwaruza chini ya kidole, irekebishwe pale pale.

DktMifupa_Unguja

Bi, hapo kwenye kupinda ncha nilikuwa upande wa wanaopinda kidogo, nyuzi chache tu. Lakini kwa goti jembamba la mtoto wa kilo 26 sina hoja. Iwe kama ulivyosema.

Mtaalamu_wa_Chuma

Nina neno kuhusu metali, maana kabati zetu mara nyingi huwa na mchanganyiko wa misaada. Chuma cha pua kinakaribia kuwa na ukakamavu mara mbili ya titani kwa unene ule ule. Na ukakamavu wa pini ya duara unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: kutoka 3.0 hadi 3.5 unaongezeka kwa takriban mara 1.85. Maana yake jozi ya 3.0 ya chuma cha pua inapinda kwa ugumu unaokaribiana sana na jozi ya 3.5 ya titani. Kama kwenye kabati lako kuna jozi ya 3.0 ya chuma cha pua, huna haja ya kungoja boti ilete 3.5 ya pili.

Wako wanaoamini titani ni bora kwa kuwa ni ghali. Kwa paja la mtoto sivyo. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta mifupa iliyoungana vibaya ni asilimia 23 kwa titani na 6 kwa chuma cha pua. Sifa ya titani ni wepesi wa kupita kwenye mfereji uliopinda. Hasara ya chuma cha pua ni kwamba ukikipinda vibaya hakikusamehe.

Ila msitie moja ya titani na nyingine ya chuma cha pua, hata zikiwa na kipenyo kimoja. Ni ngalawa ile ile ya dokta.

NusuKaputi

Naona mmeshapasua kabla mtoto hajalazwa.

Visiwani kwetu kila mtoto wa paja apimwe seli mundu kabla ya kuingia thieta, hata kama mama anasema hajawahi kuumwa. Mwenye seli mundu hapasuliwi kwa haraka: apate maji ya mishipa tangu anapoanza kufunga kula, oksijeni isishuke, na asipoe. Kiyoyozi cha thieta kikiwa nyuzi 18 na mtoto kalala uchi saa moja na nusu, umempa kichocheo cha maumivu ya mwili mzima. Na kama paja limevunjika kwa kujikwaa tu, tazameni filamu kwa makini: usaha wa mfupa wa siku nyingi huulegeza mfupa. Kupitisha pini kwenye mfereji wenye usaha ni kuusambaza kutoka goti hadi nyonga.

Maumivu kabla ya upasuaji: kuziba neva ya paja kinenani kunasaidia kuliko sindano za makalio. Dawa ya ganzi ni bupivakeini ya asilimia 0.25, mililita 0.5 kwa kilo. Kwa kilo 26 ni mililita 13, yaani miligramu 32.5, na kikomo nisichokivuka ni miligramu 2 kwa kilo. Vuta kwanza uone kama kuna damu, kisha sukuma pole pole. Angalieni neva na mapigo ya mguu na mwandike kabla ya kuziba, maana baada ya hapo hamtajua ganzi imetoka wapi. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, hapa ni 390.

Sefazolini, dawa ya kuzuia usaha, miligramu 30 kwa kilo, yaani 780, ndani ya saa moja kabla ya chale. Ikichomwa baada ya chale imechelewa. Na damu iwe imepangwa hata kama mnatarajia kumwaga kidogo: paja lililovunjika limeshakunywa sehemu yake kabla hamjaanza.

MkoaniThieta

Shukran sana nyote. Metali sikuiwaza kabisa, na kuna pini za chuma cha pua kwenye sanduku la chini. Nitazipima kwa kaliperi, maandishi yamefutika.

Mawili yaliyobaki. Mtoto akitokea Micheweni, kaskazini ya Pemba, njia ni ndefu na mara nyingi keshapitia kwa mkandaji. Afungwe vipi? Na mashine ya eksirei ya thieta ikizimika katikati ya kazi, mnasimama au mnaendelea?

DktMifupa_Unguja

La mkandaji: msianze kwa ugomvi na wazazi, lakini fungueni kila kitambaa na kila kijiti, hata kama kimefungwa vizuri. Paja huvimba kwa siku mbili za mwanzo na kitambaa hakivimbi nalo. Maumivu yanayozidi ukimnyoosha vidole, nyama ngumu kama ubao, mtoto analia kuliko alivyolia jana: hiyo ni misuli inayonyimwa damu, hiyo ndiyo dharura, na haingoji pini ya 3.5.

Safarini: banzi la Thomas (lenye pete kinenani na vyuma viwili vya kunyooshea mguu) la kimo chake. Likikosekana, mbao mbili zilizofungwa pamba nene, ya nje ianzie kwapani mpaka chini ya unyayo, ya ndani ianzie kinenani, na mguu mzima uufunge pamoja nazo. Banzi linaloishia gotini linageuza paja kuwa mpini wa jembe. Wodini, kuvuta kwa plasta ya ngozi: uzito usizidi asilimia 10 ya uzito wa mwili, kwa huyu kilo 2.5, na hata kwa mkubwa usipite kilo 5 kwa ngozi. Kila zamu ifungue macho pale kisigino kinapogusa na nyuma ya goti.

Mashine ikizimika: inategemea umefika wapi. Kama pini hazijavuka mkato, usiendelee kwa kubahatisha. Chale ya sentimita 3 hadi 4 upande wa nje, penye mkato, tenga nyuzi za misuli, shika vipande viwili kwa koleo la mfupa na uzione pini zikivuka kwa macho yako. Ni halali kabisa. Gharama yake ni kovu na hatari kidogo zaidi ya usaha. Wengine huona aibu kufungua, wanahangaika saa mbili wakitoboa nyama za paja kwa pini. Ila ncha za juu, shingoni na kwenye nundu, huwezi kuziona kwa chale hiyo. Pima nje kabla ya kuanza: laza pini juu ya paja na uweke alama ya urefu kwenye pini yenyewe. Alama ikifika kwenye ngozi, simama.

Halafu pengo. Kwenye mkato wa kukingama, pini ya pili ikipigwa nyundo husukuma kipande cha juu na kuacha uwazi. Mnafurahi mfupa umenyooka, kumbe vipande havigusani. Kabla ya kukata ncha, ondoa mvuto wote, piga kisigino cha mtoto kwa kiganja mara mbili tatu kuelekea juu, kisha tazama. Milimita chache za pengo zinaweza kuchelewesha kuungana.

FizioChake

Mwambieni pia daktari anyanyue mikono kabla mtoto hajaamshwa na atazame mgeuko, yaani kama mfupa umeungwa ukiwa umezunguka ndani au nje. Kunja nyonga na goti nyuzi 90 upande mzima, geuza ndani na nje, kisha upande uliopasuliwa. Visipolingana, ugeuzeni mfupa hapo hapo. Mfupa wa mtoto husamehe mengi. Kwa umri wa miaka 6 hadi 10 pindo la mbele na nyuma hadi nyuzi 15, la ubavuni hadi 10, na kufupika hadi milimita 15, vyote hivyo mfupa huvipatanisha unapokua. Mgeuko hauupatanishi vya kutosha. Mtoto atatembea unyayo ukitazama nje mpaka utu uzima.

Kuhusu hogo: kwa mkato wa kukingama na jozi sahihi ya pini, halihitajiki. Kizuizi cha goti cha kitambaa na mabanzi kinatosha kwa wiki za mwanzo, na kazi yake ni kutuliza maumivu, mfupa haukitegemei. Mkimfunga hogo la kiunoni juu ya pini mmempa mtoto hasara za njia zote mbili. Pale tu mnapojua pini ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, au mkato una vipande, hogo lina maana. Na hapo semeni wazi kwenye faili kwa nini limefungwa.

Siku ya kwanza: kukaza msuli wa mbele wa paja, sekunde 5, mara 10, kila saa akiwa macho. Kuchezesha kifundo. Goti lianze kukunjwa mara maumivu yanapokubali, akikaa ukingoni mwa kitanda. Goti lisilokunjwa wiki tatu linaganda, na wazazi watasema ni chuma.

Magongo: kimo chake kiishie vidole viwili chini ya kwapa, mzigo uende viganjani. Mguu ukining'inia bila kukanyaga wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Picha ya wiki ya 4 ikionesha mfupa mpya unavimba kuzunguka mkato, aanze kukanyaga kwa kuonja, kisha mzigo uongezwe. Wengi wanakanyaga kwa uzito wote kati ya wiki ya 8 na 12. Mfupa mpya usipoonekana, subiri, usihesabu siku tu. Skuli anaweza kurudi na magongo, lakini darasa la juu ghorofani hapana.

Na wazazi waambiwe mapema: mguu uliovunjika huchangamka kukua kwa mwaka mmoja au miwili, na unaweza kuupita mwenzake kwa nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu. Ndiyo sababu vipande kupandana kidogo kwenye mtoto mdogo si janga. Pimeni urefu wa miguu kila mnapomwona, mpaka ipite miaka miwili.

BiThieta

Nimalizie kutoa, maana karatasi nyingi zinaishia kwenye kushona.

Pini zinatolewa kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na sharti ni picha mbili, ya mbele na ya ubavu, zioneshe mfupa mpya umezunguka pande zote na mstari wa mkato umefutika. Wakizitoa mapema kwa sababu goti linakera, mfupa unaweza kuvunjika tena pale pale. Goti likikera sana kabla ya wakati, ncha ile inaweza kufupishwa kwa chale ndogo na pini ikabaki.

Siku ya kutoa: fungueni kovu lile lile, tafuteni ncha kwa kidole kwanza, mara nyingi imevaa kifuko cha maji na nyama. Koleo la kubana liume kabisa, mvute kwa mstari wa pini wenyewe, nyundo ikigonga koleo kwa nyuma. Anayevuta kwa kuzungusha anaikatia ndani. Michezo ya kuruka na mpira ingoje wiki 6.

Kwenye faili la siku ya kwanza andikeni metali, kipenyo, na ncha imeachwa milimita ngapi, na mzazi apewe karatasi hiyo. Anayekuja kuitoa huenda asiwe aliyeiweka, na huenda akawa Wete au ng'ambo ya maji, na atataka kujua kama achukue koleo la 3.0 au la 4.0 kabla ya kumlaza mtoto.